Kanda ya Pili

Mtu aliyeleta injili Makueni nusura awe mwimbaji wa opera.

Peter Cameron Scott alizaliwa Glasgow mwaka wa 1867. Familia yake ilihamia Philadelphia, Marekani, na huko ikaonekana kijana ana sauti, akapata mwalimu Mwitaliano wa kumnoa. Historia za misheni zinasimulia kwamba siku moja alikuwa akipanda ngazi za jumba la opera kwenda kuomba nafasi ya kuimba, akasimama pale pale kwenye ngazi akajiuliza anamtafutia nani sifa, yeye mwenyewe au Mungu. Akageuka, akashuka. Baadaye alienda Kongo, akamzika ndugu yake John huko, akarudi Uingereza akiwa mgonjwa hoi, akapona. Tarehe 12 Desemba 1895 akafika Nzaui na wenzake wa Africa Inland Mission, wale tunaowaita AIM. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa na vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Tarehe 4 Desemba 1896 Scott akafa kwa homa. Alikuwa na miaka 29.

Sisi tuliolelewa AIC hadithi ya Nzaui tunaijua tangu Sunday school. Ile ya ngazi haisemwi sana, na kwangu ndiyo yenye uzito. Maana yake ni kwamba kanisa kubwa kuliko yote Ukambani lilianzishwa na mwanamuziki aliyeamini hawezi kuwa na jukwaa na madhabahu kwa pamoja. Alichagua. Na tangu hapo kila kijana wa Kitui na Makueni aliyeshika gitaa akiwa ameokoka ameulizwa swali lile lile, hata kama anayemuuliza hajawahi kusikia habari za opera.

Swali hilo nimelifuata mahali ambapo huwa linabana zaidi, yaani kwenye albamu ya pili. Albamu ya kwanza ya mwimbaji wa injili kwa kawaida haina mhakiki. Ni ushuhuda: nilikuwa hivi, Bwana akanitoa huku, sasa niko hapa. Nani atasimama kanisani aseme ushuhuda wa mtu una gitaa la besi lisilo na mpangilio? Watu husema amina, wananunua, wanaenda nyumbani. Ya pili ndiyo ngumu. Ushuhuda umeshatolewa. Sasa kilichobaki ni muziki, na muziki una mwili, unatingisha mabega. Hapo ndipo wazee wa kanisa hukaa kikao.

Lakini tuanze na kile kilichokuwako kabla ya gitaa.

Neno lilifika Ukambani kabla ya tuni zake. Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, mwaka wa 1849, na ni kutoka huko tarehe 3 Desemba alipouona Mlima Kenya. Mwaka uliofuata Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen, Ujerumani. Fikiria: kitabu cha Kikamba kimechapishwa 1850, wakati ambapo Nairobi haijawa hata kambi ya reli. Baadaye wakaja Walutheri wa Leipzig, wakakaa Ikutha na Mulango. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani, Mulango ukaingia mikononi mwa AIM, na kuanzia hapo pande zote mbili, Kitui na huku Makueni, sauti ya kanisa kwa watu wengi ikawa moja.

Sauti hiyo ilikuwa ya tenzi zilizotafsiriwa. Sasa Kikamba ni lugha ya toni. Neno likipandishwa mahali linapotakiwa kushuka, linaweza kugeuka kuwa neno lingine au kuwa si neno kabisa. Mmishonari alichukua tuni ya Uingereza au Marekani, akaweka maneno ya Kikamba chini yake, akahesabu silabi zikatosha. Toni hakuzihesabu. Kitabu cha nyimbo cha Kikamba, Mbathi sya Kumutaia Ngai, watu wamekiimba kwa mapenzi vizazi na vizazi, na mimi mwenyewe nikisikia akina mama wakikiimba kwenye matanga nywele husimama. Ila ukikaa na mzee anayejua Kikamba cha ndani, atakuonyesha mistari ambayo tuni inaivuta lugha masikio. Tuliimba hivyo hivyo. Tulizoea kwamba kumwimbia Mungu ni kuongea kidogo kama mgeni.

Na ngoma? Ngoma iliachwa nje ya mlango. Kilumi hasa. Kilumi ni ngoma ndefu, inayopigwa mpigaji akiwa ameibana kati ya miguu, na wachezaji wake wengi ni wanawake watu wazima. Inachezwa kuomba mvua, kutuliza pepo, kumponya mgonjwa. Kwa macho ya misheni hiyo ilikuwa dini ya adui, na aliyebatizwa hakutakiwa aonekane huko. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka wa 1931 na kukulia humo humo kanisani, baadaye aliandika kitabu African Religions and Philosophy, 1969, akieleza kwamba kwa Mwafrika hakuna ukuta kati ya mambo ya dini na mambo mengine ya maisha. Nikisoma hayo nawaza kwamba ukuta huo Mbiti aliujua vizuri sana. Alizaliwa umeshajengwa.

Kulikuwa pia na beni, ngoma iliyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19 ikiiga bendi za kijeshi. Wakamba waliandikwa kwa wingi King's African Rifles, na huko jeshini beni ilitembea kutoka kambi hadi kambi. Ukambani ikawa mbeni: filimbi, vijana kupinduka hewani, mavazi ya kiaskari. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba watu wa huku hawakuwahi kuogopa ala ya kigeni. Walichukua chochote kilichopigwa, wakakifanya chao. Mwoga lilikuwa kanisa.

Gitaa lilipokuja, basi, lilikuja kwa njia ya kawaida: vita, Nairobi, mishahara, santuri. Benga ilizaliwa Nyanza katika miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1970 Ukambani ulikuwa na benga yake, ya kasi zaidi, magitaa yakijibizana kama watu wanaogombania zamu ya kuongea. Kakai Kilonzo, mzaliwa wa 1954, na Kilimambogo Brothers wake ndio waliovuka mipaka kuliko wote. Aliimba Kikamba, akaimba pia Kiswahili, na Kenya nzima ikacheza. Alifariki mwaka wa 1987 akiwa bado kijana.

Kuelewa kwa nini kanisa lililiona gitaa kuwa shetani, usisikilize nyimbo. Angalia mahali gitaa lilipolala. Vijijini hakukuwa na stima. Muziki wa santuri uliusikia sokoni, mahali penye mashine ya betri, na mahali hapo mara nyingi palikuwa baa au kilabu cha pombe. Bendi ililipwa na baa, ikala baa, ikalala nyuma ya baa. Mlevi aliyemaliza pesa za karo alizimaliza wimbo fulani ukipigwa. Mke wake, ambaye Jumapili yuko kanisani, aliusikia wimbo huo kwa sikio lingine kabisa. Mimi siwezi kuwacheka wale wazee walioharamisha. Walikuwa wakitetea ng'ombe waliouzwa.

Kwa hivyo kuokoka kulikuwa na ratiba: unatubu, unarudisha ulichoiba, unauza gitaa.

Sasa hebu tutoke Ukambani kidogo, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo kuna bendi nyingine iliyokuwa ikiulizwa swali la Scott. Dublin, Ireland, 1981. U2 ni vijana wa miaka ishirini na kitu. Watatu kati ya wanne, Bono, the Edge na Larry Mullen, wako kwenye kundi la maombi linaloitwa Shalom. Wa nne, Adam Clayton, hayuko. Albamu yao ya kwanza imefanya vizuri, na sasa wanatakiwa kutoa ya pili. Mwezi Machi, wakiwa ziarani Portland, Marekani, mkoba wa Bono wenye maneno ya nyimbo mpya unapotea. Wanaingia studio ya Windmill Lane karibu mikono mitupu. Bono anatunga maneno akiwa mbele ya maikrofoni, na kinachotoka ni sala. Wimbo wa kwanza una kiitikio cha Kilatini, kama misa.

Albamu hiyo, October, ilitoka Oktoba 1981. Uingereza ilifika nambari 11. Marekani ilikwama nambari 104. Wahakiki hawakuelewana juu yake. Wengine walisikia bendi inayokua, wengine wakasikia vijana wanaopiga kelele za kiroho bila kumaliza sentensi. Dini nyingi mno kwa watu wa roki. Na upande wa pili kundi la Shalom lilikuwa na shaka kama mtu wa Mungu anaweza kuwa nyota wa roki hata kidogo. The Edge alikaribia kuacha bendi. Bono pia. Meneja wao, Paul McGuinness, aliwakumbusha kwamba mikataba ya ziara imeshatiwa sahihi. Walichoacha hatimaye ni Shalom. Mwaka wa 1983 wakatoa War, ikafika nambari moja Uingereza, na imani yao ikabaki ndani ya nyimbo bila kuomba ruhusa ya kikao chochote. Ule mkoba, kwa taarifa yako, ulirudishwa mwaka wa 2004.

Ninachowaonea wivu watu wa Dublin si umaarufu. Ni kwamba mabishano yao yaliandikwa. Albamu ya pili ilitoka, mtu akaisikiliza nyimbo zote, akakaa chini, akasema hapa umefaulu na hapa umeanguka, na gazeti likachapisha. Leo ukitaka kujua watu waliionaje October wiki ilipotoka, utapata. Marekani vivyo hivyo: Larry Norman, ambaye wengi humwita baba wa roki ya Kikristo, alitoa Only Visiting This Planet, albamu yake ya pili ya peke yake, mwaka wa 1972. Mwaka wa 2014 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaitangaza kuwa miongoni mwa rekodi za kuhifadhiwa kitaifa. Kanda ya injili ya Makueni ya miaka hiyo ya tisini utaipata wapi? Kwenye gunia, kama panya hawajaifikia.

Hapa Kenya mtu mkubwa aliyeulizwa swali hilo hadharani alikuwa Joseph Kamaru wa Murang'a. Mwaka wa 1993, akiwa mfalme wa muziki wa Kikuyu, alitangaza ameokoka, akavunja bendi yake na kuanza nyimbo za injili. Taifa zima lilizungumza. Mashabiki wengine walihisi wameachwa kwenye steji. Baadaye alizirudia nyimbo zake za zamani, na alipofariki mwaka wa 2018 ni hizo za zamani watu walizolilia. Hata yeye, kwa ukubwa wote ule, alichagua kwa njia ya Scott kwanza: kushuka ngazi.

Wadogo hawakuandikwa popote. Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa mmoja wao. Alipiga gitaa la pili kwenye bendi ya benga iliyozunguka Emali, Sultan Hamud na Kibwezi, akaokoka, akatoa kanda ya kwanza. Ilikuwa yeye, dada wawili wa kwaya na kinanda. Ilipendwa. Aliitwa makanisa mengi kushuhudia. Kisha akanunua gitaa tena. Kanda ya pili alirekodi Nairobi na magitaa matatu, maneno yote ya Biblia, lakini mkono ni ule ule wa Emali. Mtu alisema kwenye kikao, nasimuliwa na mama, kwamba maneno ni ya Yesu lakini vidole ni vya baa. Kanisa lake, ambalo halina haja ya kutajwa, lilimweka kando na ushirika kwa miezi kadhaa. Makanga wa matatu za Kibwezi nao waliipiga hadi utepe ukaisha. Hakutoa ya tatu.

Hiyo kanda ninayo, na nimeisikiliza kama mhakiki, kwa sababu nadhani anastahili angalau mmoja. Upande wa kwanza ni mzuri kweli. Wimbo wa tatu unaanza na gitaa peke yake, na kwa mara ya kwanza katika nyimbo zote za kanisa nilizokua nazo nasikia tuni inayofuata Kikamba. Sauti inashuka mahali neno linashuka. Benga ilimfundisha hilo, maana benga ya Kikamba ilianza na maneno yake yenyewe na haikuwa na tuni ya mtu wa kufuata. Upande wa pili umechoka, ngoma ya mashine inamkimbia, na wimbo wa mwisho una mahubiri ya dakika nne ambayo yangetosha moja. Hivyo tu ndivyo ilivyotakiwa kusemwa kwenye kile kikao. Mbili nzuri, moja bora sana, mbili za kurudia. Badala yake waliuliza kama ana pepo.

Wakatoliki wa Kitui walikuwa na njia nyingine, na ni haki kuisema. Misa ya Kongo, Missa Luba, ilirekodiwa mwaka wa 1958 na padre Guido Haazen na kwaya yake ya Kamina, ikaonyesha dunia kwamba Kilatini kinaweza kutembea juu ya ngoma. Mwaka wa 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikani uliruhusu rasmi muziki wa wenyeji katika ibada. Kitui ikawa dayosisi mwaka wa 1964, yaani karibu imezaliwa na ruhusa hiyo mkononi. Ndiyo maana katika mji mmoja unaweza kukuta parokia inapiga ngoma na kayamba Jumapili asubuhi, na upande wa pili wa barabara kanisa lenye wanachama wa ukoo ule ule linaona ngoma hiyo hiyo ni mlango wa kuzimu. Hata hivyo ruhusa ya Roma ilikuwa ya kwaya na misa. Bendi, yaani watu wanne wenye majina yao kwenye jalada, hilo halikuwa kwenye waraka wowote.

Kilichobadilisha mambo kwa upande wetu hakikutoka kwenye kikao. Kilitoka kwenye redio. Mawimbi yalipofunguliwa na stesheni za Kikamba kama Musyi FM zikaingia kila jikoni kutoka Mwingi hadi Mtito Andei, stesheni ilihitaji muziki wa kutosha kwa siku nzima, na Jumapili ilihitaji wa injili. Prodyuza wa benga na prodyuza wa injili akawa mtu mmoja, kwenye chumba kimoja, na mpiga gitaa wa asubuhi ndiye wa jioni. Leo ukisimama mita mia moja kutoka kwenye spika kule Wote, huwezi kujua kama ni harusi ya waliookoka au ni klabu, mpaka usogee usikie jina la Yesu. Watu wanalalamikia jambo hilo kila siku. Mimi sijui kama ni la kulalamikia. Ninacholalamikia ni kwamba hatujawahi kuzizungumzia kama nyimbo. Zamani swali lilikuwa dhambi ama si dhambi. Siku hizi limekuwa imetazamwa mara ngapi. Katikati ya maswali hayo mawili kuna watu wametunga, wengine kwa ustadi wa ajabu, na hakuna aliyewaambia kwa nini ule wimbo wa tatu unamfanya mtu azime injini ya boda asikilize.

Kwa hivyo gitaa limesamehewa. Lilitoka ng'ambo, likapitia Nairobi na baa zote za barabara ya Mombasa, na sasa limelala ndani ya kanisa, nyuma ya mimbari, limefunikwa na kitambaa ambacho akina mama wamelishonea. Kilumi haikutoka ng'ambo wala haikulala baa. Utaiona kwenye sherehe za utamaduni na siku za kitaifa, akina mama wamevaa sare, gavana ameketi mbele. Ibadani Jumapili, katika kanisa la Nzaui au la Mulango, bado sijaisikia.